Bibi Aliyeingia Uwanjani

Jumatano, 7 Septemba

Mazoezi tena. Vidole vinauma. Mimi nainua mpira juu ya wavu, Devota anaupiga. Hiyo ndiyo timu yetu nzima. Wengine kelele tu. Mwalimu Kajoro kasema ruhusa imetoka. Ijumaa tunavuka kwenda Burundi, Muyinga, kucheza na wasichana wa shule ya kule. Tumeruka kama vichaa. Mimi sijawahi kuvuka mpaka wowote. Baba alisita, kisha akatuma salamu kutoka dukani Biharamulo: niende, nisiache swala, nisile kila kitu.

Devota peke yake hakuruka. Alikaa chini anafunga viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Ijumaa, 9 Septemba

Tumevuka. Pale Kabanga ofisa alituita kwa majina, mmoja mmoja. Devota alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nikadhani ana homa.

Kupita kizuizi tu, gari likahamia upande wa kulia wa barabara. Tukapiga yowe, tukijua tunakufa. Kumbe ndiyo sheria yao! Dereva alicheka mpaka machozi.

Huku hakuna vijiji kama vyetu. Kila nyumba iko peke yake ndani ya migomba, kilima baada ya kilima. Watu wanasalimiana kwa kukumbatiana, tena hawana haraka ya kuachiana.

Wenzangu karibu wote ni Wahangaza, wenyeji wa Ngara. Kirundi wanakielewa kama lugha yao, wanataniana na wenyeji. Mimi siambulii kitu. Nyumbani kwetu sisi ndio tunaowacheka watu wanaosema "kura chakura". Leo mimi ndiye bubu. Hakuna aliyenicheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumamosi, 10 Septemba

Siku mbaya. Ilianza vizuri.

Mimi na Devota tumepewa kulala kwa mama mmoja anaitwa Mama Odeta. Jana aliniona nasita mbele ya nyama. Leo asubuhi kambeba kuku, kateremka bondeni, kapanda kilima cha pili kumtafuta Mwislamu amchinje. Kwa ajili yangu! Mtu ambaye siwezi kuongea naye sentensi moja. Nimekula mpaka mifupa.

Mchana, mechi. Tulikuwa tunaongoza. Bibi mmoja akaingia uwanjani, miguu mitupu, kitenge kimefifia. Hakuona mpira wala wavu. Alimshika Devota mashavu kwa mikono miwili. "Kankindi!" akasema. "Kankindi!"

Devota akaitoa ile mikono polepole. Akamgeukia Mwalimu. "Simjui, Mwalimu. Amenifananisha."

Bibi akaondoka. Tukafungwa. Devota hakupiga mpira hata mmoja wa maana.

Jioni ameniambia, tukiosha vyombo nyuma ya nyumba. Yule ni bibi yake, mzaa mama. Amemtambua kwa sababu yeye ana sura ya mama yake tupu. Devota si wa Murusagamba, upande wetu wa mpaka, kama tunavyojua sote. Ni wa huku. Walikimbia vita akiwa mdogo. Mama yake yuko kambini kwa wakimbizi mpaka leo, Ngara huko huko tunakosoma. Mhangaza mmoja aliwaonea huruma, akamwandikisha shule kama binti yake. Devota ni jina la shule; la kuzaliwa ni Kankindi. Ikijulikana, shule basi, na mtihani wa kidato cha nne ndio huo unakuja.

"Umemkana bibi yako," nikamwambia.

"Ningefanyaje, Rukia? Sema wewe."

Nina hasira naye. Namwonea huruma. Vyote kwa pamoja.

Jumapili, 11 Septemba

Tumerudi. Niandike kabla sijasahau.

Tulikuwa tunapakia mizigo. Bibi akaja na kibuyu cha maziwa. Aliongea na Mwalimu, wenzangu walinitafsiria. Alisema jana macho yalimdanganya. Anaomba radhi. Lakini maziwa ya yule binti ameyaleta, anywe, safari ni ndefu.

Alikuwa anamficha! Alishaelewa kila kitu.

Devota akapokea kibuyu. Akakiweka chini. Akapiga magoti, akamkumbatia bibi miguu, akamwita bibi yake. Mbele yetu wote.

Tukamwangalia Mwalimu Kajoro. Hakuna mwalimu mkali kama yeye. Alijikuna kidevu.

"Mimi nimeona mtoto anamsalimia mzee," akasema. "Kuna aliyeona kingine?"

Tukatikisa vichwa.

"Basi wapeni nafasi. Gari litasubiri."

Wakakaa kwenye migomba, wameshikana. Bibi alitaka abaki. Devota kamwambia amwache amalize shule kwanza, halafu atakuja na mama yake. Sijui kama ana uwezo wa kuahidi hivyo.

Mpakani ofisa akaita, "Devota."

"Nipo."

Nilisoma kila dua ninayoijua. Tukapita.

Jumapili, 18 Septemba

Nimefua. Nimesoma jiografia kidogo. Wiki nzima Mwalimu hajataja Muyinga, isipokuwa kwamba tulicheza ovyo.

Devota alikwenda kambini jana kumwona mama yake. Amerudi leo mchana, tumekaa kwenye nyasi nyuma ya bweni akanisimulia. Miaka yote mama yake hataki hata kusikia neno la kurudi Burundi. Alipoambiwa habari za bibi aliendelea tu kuchambua maharage. Devota akajua ameharibu.

Baadaye mama akauliza kama nyumba bado inavuja upande wa jikoni. Akauliza nani anamtekea bibi maji. Akachambua tena. Kisha akauliza kama watu wa kule wameshaanza kupanda maharage.

Devota hakuwa ameangalia.

"Watakuwa wameanza," mama yake akasema. "Mvua ya kule inawahi."