Ndege ya Kompyuta na Ndege Iliyombeba Mama

Jumapili, Lyamkena. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Sina huzuni. Furaha nayo sina. Nipo tu.

Mama amerudi jana kutoka Dar, mzima. Leo watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja kwetu, na mchana kutwa amewasimulia habari za ndege. Mimi nilikuwa nachemsha chai.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba kwa miaka narusha ndege kwenye kompyuta. Kwenye uwanja wa Njombe nimetua hata mvua ikinyesha. Nilijiambia kwamba siku nikipanda ya kweli, nitalia.

Siku yenyewe ilifika mwezi uliopita. Utumbo wa mama ulijisokota, daktari akasema barabara hataimudu. Ndege ndogo ya wagonjwa ikaja Njombe. Kiti kilichobaki kilikuwa kando ya rubani.

Sikulia.

Vyombo vyote nilivitambua: mwendo, mwinuko, dira, kila mshale mahali pake. Hapo kompyuta haidanganyi. Ila haikuwahi kuniambia kwamba masikio yataziba, kwamba harufu ya mafuta itanikaa kooni, kwamba ndege ikidondoka kidogo kwenye upepo tumbo linabaki juu. Rubani aliniuliza kama najua kurusha. Nikamwambia sijui. Nilishika magoti nikaikodolea macho mishale ile mpaka Dar.

Mama alikuwa amelazwa nyuma yangu, dripu mkononi, uso dirishani.

Jioni hii wageni walipoondoka, akaja chumbani kwangu akaomba nimwonyeshe Kichiwa, kijiji alikozaliwa. Nikawasha kompyuta, nikaruka kutoka Njombe. Vilima vikapita chini yetu, kijani kitupu, bila mtikisiko wowote. Akainamia kioo, akatafuta kwa muda mrefu.

"Mbona hapa hakuna watu?" akauliza.

Nikamwambia waliotengeneza mchezo hawakuwaweka.

"Siku ile niliona moshi wa jikoni, mwanangu. Nikaona na mtu analima. Ndipo nikajua sijafa."

Akanishika bega, akaenda kulala.

Ndani ya ndege ile nilikuwa nimekaa mbele yake, kwenye kioo kikubwa kuliko chake. Sikuona moshi. Sikuona mtu. Hata sasa najitafuta nione kama inaniuma, na sipati kitu.

Kukipambazuka nitamwomba anisimulie safari ile tangu mwanzo, taratibu. Huenda nami nikaipanda ndege ile.