Nyani wa Njia ya Sagalla

Sagalla, Jumapili alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu wako umepungua uvimbe na unapanda ngazi bila kushika ukuta. Sisi huku tu wazima, mimi na mjukuu wako Zuhura, ingawa uzima wenyewe siku hizi ni wa kutetemeka. Nilitaka nikufiche, lakini Mwalimu Mwadime, tunayefundisha naye, anateremka kesho kupanda treni ya Mombasa na amekubali kukuletea barua mkononi. Najua utamhoji mpaka aseme yote, basi bora uyasikie kwangu.

Mama, huku mlimani kuna chui. Tangu mvua zikose, wanyama wa tambarare wanapanda kufuata maji yaliyobaki. Alianza na mbuzi wa jirani yangu Mama Wakesho, yule mjane aliyenipokea nilipoletwa kufundisha hapa. Kisha akamchukua mbwa wa mwalimu mkuu, mchana kweupe, watoto wakiwa darasani. Tulisikia mlio mmoja tu, halafu kimya. Nilikuwa ubaoni naandika hesabu, chaki ikanidondoka.

Tangu hapo watoto wanakuja shule kwa makundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, wanagonga makopo njia nzima. Wanawake nao wakienda sokoni Voi hungojana, wakateremka pamoja asubuhi na mapema.

"Chui hapendi macho mengi," Mama Wakesho aliniambia. "Anamtaka aliye peke yake. Usitembee peke yako, mwalimu."

Nilimwitikia, na Jumamosi ya wiki iliyopita nikatembea peke yangu.

Zuhura aliamka anachemka. Nilimkanda kwa maji, nikampa dawa niliyokuwa nayo, akaitapika. Kufika saa nne alikuwa hashiki ziwa na macho yanampinduka. Wanawake walikuwa wameshateremka zamani, Mama Wakesho akiwa miongoni mwao, na wanaume walikuwa machungani. Nilimfunga mgongoni kwa mbeleko, nikachukua fimbo, nikashika njia ya hospitali ya Voi. Ningengoja nini, Mama?

Katikati ya mteremko kuna mahali njia inapita chini ya majabali. Hapo hukaa nyani. Wamewazoea watu, na wanajua kabisa kuwa mwanamke hawezi kuwarushia jiwe la kuwafikia. Walikuwa wengi, wametapakaa njiani na kwenye mawe, wanachimbua mizizi. Nilimvuta Zuhura kwa mbele, nikamfunika kanga, nikapita nikiangalia chini.

Mmoja aliyekaa juu kabisa ya jabali akabweka. Mara moja, kwa sauti nzito, kama mtu mzima anayekohoa. Wote wakaacha kula. Akabweka tena, na madume makubwa wakaanza kunijia mbio kutoka nyuma, nywele za mabega zimewasimama, meno nje. Nilijua wanamtaka mtoto. Nikaegemea jabali, nikamkumbatia Zuhura kwa mikono miwili, na nilichoweza kusoma ni Bismillahi peke yake, tena na tena.

Walinipita, Mama. Walipita kushoto na kulia kwangu kana kwamba sipo. Nilipogeuka nikamwona chui amelala kwenye kivuli cha kichaka, hatua kama ishirini mbele, pembeni mwa njia ileile niliyokuwa naifuata. Ningekwenda kidogo tu ningemfikia.

Majike wakaja upande wangu na watoto wao. Wakajibana kwenye mawe niliyojibana mimi. Mmoja alikuwa karibu nami kiasi cha mkono, mtoto amemshika tumboni, na hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa anatazama kulekule nilikotazama. Madume matano au sita wakamkabili chui kwa pamoja. Akimgeukia mmoja, wengine wanamrukia kwa nyuma. Alimpiga dume mkubwa kucha za bega, damu ikaruka, lakini hawakumwacha mwenzao. Walipiga kelele bila kukoma. Mwisho chui akageuka, akaingia korongoni.

Lakini korongo lile linateremka sambamba na njia ya Voi. Sikuweza kwenda mbele, sikuweza kurudi. Nikakaa pale na nyani. Yule aliyejeruhiwa alikaa chini, wenzake wakamzunguka, jike mmoja akawa anampekuapekua manyoya kando ya kidonda, polepole. Zuhura alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko chui.

Kisha wakaanza kuondoka. Walipanda majabali mmoja mmoja, majeruhi akichechemea katikati yao. Mama, mimi niliyewaogopa nyani maisha yangu yote, nilitaka kulia walivyoniacha. Nikapiga kelele. Sikuita jina la mtu, nilipiga kelele tu, na sikujua kama ninayemwita ni mtu au ni chui.

Nikajibiwa kutoka chini. Walikuwa wanawake wanne wanarudi kutoka sokoni, na Mama Wakesho alikuwa mbele. Walikuja wakigonga sufuria.

"Nilikuambia nini, mwalimu?"

"Mtoto, Mama Wakesho. Hashiki ziwa."

Alimgusa Zuhura shingoni. Hakunigombeza tena. Aliwageukia wenzake akasema, "Tunarudi Voi." Walikuwa wamepanda nusu ya mlima na mizigo kichwani, jua la saa sita. Wote wanne waligeuka. Waliniweka katikati, tukateremka.

Hospitali walisema ni malaria, wakamdunga sindano, tukalala siku tatu, Mama Wakesho pembeni ya kitanda. Sasa ananyonya na anatambaa. Chui bado hajashikwa. Jana ameonekana nyuma ya kanisa. Kila jani likitikisika nahesabu watoto wa darasa langu, nikimaliza naanza upya.

Najua utasema nimlete Zuhura kwako. Nimewaza hivyo siku nane. Nguo zake nilizikunja nikazitia kikapuni ili Mwalimu Mwadime aje naye, kisha nikazitoa. Siwezi, Mama. Na shule siwezi kuiacha. Darasa la tatu halina mwalimu mwingine. Kwa hiyo nakuomba jambo zito kwa mtu mwenye mguu kama wako. Njoo wewe. Njia ya mlima usiiogope: Mama Wakesho ameshasema watakupokea stesheni Voi, wanawake saba, na mahali mguu utakapokataa watakubeba kwa kiti.

Nisalimie kaka Athumani, umwambie asimwandikie shemeji yake, baba Zuhura, aliye melini mpaka chui ashikwe. Msalimie shangazi Mwanajuma aliyenilea ulipokuwa mgonjwa, na bibi mzaa baba, ila yeye usimsomee barua hii.

Mwanao anayeogopa, na anayekungoja,

Rukia