Kenda Muiyuru

Bwawani, chini ya Thika
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi Wakesho,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mumeo ambaye miezi mitatu amekuwa bubu. Mwili wangu mzima, nakula, nafanya kazi. Wewe u hali gani? Goti la Mama linaendeleaje na baridi ya huko milimani? Na Mwakio ameota meno ya mbele, au bado anacheka kama mzee? Najua umekasirika, na najua Mama anasema nimepata mwanamke Ruiru. Mwambie Ruiru nimefika mara moja tu, kununua sufuria.

Kabla hujaendelea, toka nje na barua hii ukaisome peke yako. Mama msomee salamu hizi za mwanzo na zile za mwisho. Ya katikati ni yako.

Uliwahi kuniuliza bwawa likoje. Ni ukuta wa saruji uliozuia mto kati ya vilima viwili, na nyuma yake maji yamelala mpaka macho yanachoka. Palikuwa na mashamba ya watu hapo. Nilipofika, migomba mingine ilikuwa bado inachungulia juu ya maji. Kutoka ukutani maji yanashuka ndani ya bomba la chuma, kubwa hata mtu anasimama wima ndani yake, yanazungusha mashine, na umeme unakwenda mjini. Hata vibanda vyetu vina taa moja moja. Mimi ni karani wa mlango wa bomba. Bomba likifungwa ili lisafishwe, naandika ubaoni kwa chaki idadi ya watu walioingia. Wakitoka nawahesabu, hesabu ikitimia napandisha bendera nyeupe, na mtu aliye juu ya ukuta anafungulia maji. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya hesabu zangu, na unajua ninavyojivunia hesabu zangu. Shuleni niliwachosha nyote.

Siku moja, mvua zikianza, nyapara wetu Mzee Gathogo, Mkikuyu wa hapa hapa, alipeleka watu ndani kukwangua kutu na kupaka lami. Mimi nilikuwa ofisini nachonga penseli. Badala ya kutoka nikawaone kwa macho, nilimuuliza kupitia dirisha, "Wangapi leo, Mzee?"

Akajibu, "Kenda muiyuru."

Kenda unaijua. Nyanya yako hajawahi kusema kuku wake ni tisa, yeye kila siku ni kenda. Hilo muiyuru nikalidhania ni neno lao tu la kumalizia maneno, kama mtu anavyosema "basi". Nikaandika tisa ubaoni, nikaizungushia duara zuri.

Saa kumi walitoka wakikimbilia chai, nyuso nyeusi kwa lami, huwezi kumtambua mtu. Nikahesabu tisa. Nikapandisha bendera.

Baada ya muda mfupi taa ya ofisini ilififia, kisha ikarudi. Fundi wa mashine alisema ni gogo limepita.

Kesho yake kijana mmoja aitwaye Kariuki hakuitika jina lake. Bwana mkubwa akaniuliza kama watu wote walitoka bombani. Nikamjibu, "Wote, bwana. Niliwahesabu mwenyewe." Mzee Gathogo naye akasema karani huyu hakosei. Na siku hizi za Hali ya Hatari, Mkikuyu asipoonekana kazini jibu ni moja tu: amekimbilia msituni kwa wapiganaji. Wiki ile ile askari walimchukua mdogo wake, Njoroge, wakamfungia kambini upande wa Ruiru ili aseme kaka yake amejificha wapi. Mpaka leo anaulizwa. Hajui, sasa atasema nini?

Mama yao anatoka Kiganjo kwa miguu. Kila Jumatatu alikuwa anasimama kwenye geti letu na kikapu chake cha viazi, akiuliza kama mwanawe amerudi kazini. Wenzangu walimkwepa. Mimi nikawa namkaribisha chai, nikijiona mtu mwema. Jumatatu moja, kwa kutafuta la kusema tu, nilimuuliza ana watoto wangapi.

"Kenda muiyuru," akasema.

"Tisa! Mungu amekujalia, mama."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. "Aai, kijana yangu, hapana tisa. Tisa ni kenda. Kenda muiyuru ni ile kenda imejaa. Ni kumi. Lakini mtoto ya mtu hapana hesabiwa kumi. Ukitaja, mmoja anapotea. Viazi ndiyo mimi nahesabu kumi."

Wakesho, kikombe kilinitoka mkononi. Alidhani chai imeniunguza, akanifuta mkono kwa leso yake.

Nilimwendea Mzee Gathogo nikamweleza. Alikaa palepale kwenye kokoto. Akasema, "Karani, mimi nilikuambia kumi. Wewe ulisikia nini?" Kisha akaniomba ninyamaze, maana watasema yeye ndiye aliyemwacha mtu ndani, na Mkikuyu siku hizi hana wa kumtetea. Nikanyamaza. Ndiyo hiyo miezi mitatu. Sitasema nilimnyamazia yeye. Niliogopa jela, niliogopa kufukuzwa, niliogopa uso wako.

Tangu hapo siwezi kuhesabu. Nikihesabu watu kwenye benchi kanisani napata mmoja zaidi. Nikirudia, hayupo. Kwenye foleni ya posho ni vivyo hivyo. Na taa, mama Mwakio, taa ndiyo inayonimaliza. Jioni ikiwaka wenzangu wanafurahi, mimi nawaza maji yaliyoiwasha yalimpitia nani. Ikififia kidogo tu, nasimama wima kama mtu aliyeitwa. Wenzangu wananitania kwamba karani anaupigia umeme saluti. Nimeifungua nikaiweka chini ya kitanda, natumia koroboi. Barua hii naiandika nje, juani.

Jumatatu iliyopita yule mama alikuja tena. Safari hii hakumuulizia Kariuki. Aliuliza kama naweza kumwandikia barua ya kambini, maana amesikia Njoroge amepigwa na sikio moja halisikii tena. Hapo nikashindwa. Nilimweleza yote palepale getini, dirisha, neno lile, ubao, bendera, na nilipomaliza nikajikuta nimepiga magoti kwenye matope. Aliyatazama maji.

"Wewe uliandika ngapi?" akaniuliza.

"Tisa, mama."

"Basi sasa ni kweli. Yangu ni tisa."

Hakunitukana. Afadhali angenipiga. Alishuka hadi ukingoni, akaliita jina la mwanawe mara moja, akasubiri kama mtu anayengoja jibu, akarudi. Akasema, "Huyu mmoja maji imekula. Ule mwingine, wewe utanirudishia."

Kesho ni Jumatatu. Nimemwahidi tutaingia pamoja kwa bwana mkubwa, nami nitasema na kutia sahihi, ili Njoroge aachiliwe. Mzee Gathogo nimemwambia. Nitaeleza kwamba yeye alisema kweli na mimi ndiye niliyesikia vibaya na sikwenda kuangalia. Akasema atakuja pia, asimame pale mlangoni. Huenda wakanifunga, mke wangu. Ukiona kimya tena, usiamini maneno ya Mama kuhusu Ruiru, na usije huku. Lima lile shamba la bondeni na kaka zako. Nisamehe. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Nisalimie Mama, aendelee kulikanda goti kwa maji moto. Msalimie kaka yako fundi cherehani, mwambie suruali yake bado haijachanika. Mwalimu wetu wa zamani, aliyenifundisha hesabu, msalimie pia, lakini usimwambie lolote. Mbusu Mwakio na dada zake. Na mtu akikuuliza una watoto wangapi, usimtajie. Sema wapo.

Ni mimi mumeo,
Mwadime