Swali la Mwisho la Mwanvita

Kinole, Jumapili

Kaka Halidi,

Shikamoo. Huku mlimani hatujambo, ila goti la mama linamsumbua tangu mvua zianze. Mkungu huu wa ndizi ni wake, upokeeni. Simu sipigi, maana ungenikatiza.

Nimesikia Yasmin amefaulu mtihani wa kupima akili wa ile shule ya kulipia. Hongera zake. Nimesikia pia kwamba kila Jumamosi ulikaa naye barazani ukimfundisha mafumbo ya namba na maumbo, chai na maandazi pembeni. Mtoto wa kaka yake wifi! Anakuita mjomba, nawe unaitika. Mimi nilipokuomba umfundishe mwanangu Mwanvita, uliniambia akili haifundishwi. Kumbe isiyofundishika ni ya mpwa wako tu.

Basi nikampeleka mwenyewe kwenye mtihani huohuo. Namba alijitahidi, maumbo yakamshinda. Mwishoni mwalimu akamuuliza, "Mtoto wa kiume wa bibi yako mzaa mama ni nani kwako?"

Nikashusha pumzi. Kwetu Waluguru hilo nalo ni la kuuliza? Mtoto hata kutembea hajajua, mjomba wake anamjua.

Mwanvita hakusita. Akajibu, "Ni mjomba wa Yasmin."

Mwalimu alicheka, akamkosesha. Nimelifikiria jibu lile njia nzima ya kupanda huku, na kosa lake bado sijaliona.

Msalimie wifi. Yasmin naye msalimie.

Mdogo wako wa tumbo moja, kama bado unakumbuka,
Mosi