Kitambaa Chekundu Mguuni mwa Kikongwe

Jumatatu, 3 Juni

Jike! Kikongwe amezaa jike! Saa mbili asubuhi, mimi na wifi tukisaidia kuvuta. Wifi analia huku anacheka. Banda lote hili lilianza na ng'ombe huyu mmoja, na umri wake wa kuzaa umekwisha. Hii ndiyo damu yake ya mwisho.

Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, tumempa ndama kwa chupa ndani ya saa moja tangu azaliwe. Kisha wifi akanikabidhi ndama. Nyonga yake haimruhusu tena kuinama. Huyu ni wako sasa, kasema, na akikufia usinitazame usoni! Alikuwa anatania. Nusu.

Jumatano, 5 Juni

Kiwele cha Kikongwe kimevimba upande mmoja. Daktari wa mifugo kaja, kamchoma antibiotiki, na atamchoma tena kesho na keshokutwa. Wifi kafunga kitambaa chekundu mguuni. Sheria ya banda letu: mwenye kitambaa, maziwa yake chini. Hayauzwi, hayanywewi, maana yana dawa.

Ndoo nzima! Nilifika nayo hadi mtaroni. Mkono ukakataa. Mimi nimelelewa na mama aliyenipiga kofi kwa kila tone lililomwagika. Na ndama yupo pale, ananiangalia. Mtoto atadhurikaje na maziwa ya mama yake mwenyewe? Nikampa. Kamaliza, kalamba na ndoo.

Wifi kauliza. Nimeyamwaga, nikasema.

Ijumaa, 7 Juni

Jana vivyo hivyo, leo vivyo hivyo. Ndama mzima, anarusha mateke. Si nilijua!

Jumamosi, 8 Juni

Anahara. Maji matupu ya njano, mkia wote umelowa. Macho yameingia ndani. Nimemnywesha maji ya chumvi na sukari — nusu yameishia kwenye gauni langu.

Wifi kampigia daktari, kaweka spika. Daktari anauliza: anakunywa maziwa gani? Mimi nilikuwa nyuma ya hori. Nikapaza sauti: Safi, ya ng'ombe yule wa madoa! Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nimejiogopa.

Jumapili, 9 Juni

Hasimami. Masikio ya baridi.

Wifi ameamua kosa ni lake. Eti chupa ya dang'a, siku ile ya kwanza, hakuichemsha sawasawa. Tangu asubuhi anasugua chupa na ndoo, na kila akiinuka anashika ukuta. Nikamwambia, wifi, pumzika basi. Akasema: Nimuue kwa mikono yangu halafu nipumzike?

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo nilikuwa nao. Nikaenda kukata majani! Nimekata mzigo wa siku mbili, mwoga mkubwa mimi. Daktari anakuja kesho.

Jumatatu, 10 Juni

Daktari kaja mapema. Kapima joto — homa hana. Kaangalia kinyesi, kakuna kichwa. Anasema ndama huzaliwa utumbo ukiwa karibu mtupu, kama nyumba mpya. Siku hizi za mwanzo ndipo bakteria wazuri wanapohamia, na wakishajaa, wabaya hukosa pa kukaa. Sasa huyu alipata dang'a mapema, kwa nini nyumba iko wazi? Wifi akadakia na habari ya chupa yake. Basi labda, daktari akasema, tumpe antibiotiki tuone. Akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Antibiotiki juu ya antibiotiki!

Usimchome! Nilipiga kelele hadi Kikongwe akageuka. Nikasema yote. Ndoo, mtaro, siku tatu. Na uongo wa spika.

Daktari akaiweka sindano chini. Mama, akasema, kila ndoo ilifukuza wapangaji wema, na hii ingemalizia waliobaki. Ametundika dripu. Baada yake maziwa safi, kidogo kidogo, na kungoja. Nikamuuliza atapona? Akafunga begi lake.

Wifi kanipita kando. Afadhali angenitukana! Kachomoa kitambaa kingine chekundu msumarini, kakifunga kwenye mpini wa ndoo yangu. Mafundo mawili. Halafu kaketi chini kwenye majani makavu — na nyonga ile! — kaweka kichwa cha ndama mapajani. Nikasema nipishe, nimshike mimi. Hakunipisha.

Naandika nikiwa mlangoni. Ameniita mara moja tu, nilete maji ya vuguvugu, na hakuniita wifi. Nimempelekea. Ndama bado anapumua, tumbo linapanda na kushuka.

Hajanifia. Na bado nimeshindwa kumtazama wifi usoni.