Bibi Hakuja Wiki Hii

Jumatano, 5 Machi

Tumemzika Bibi leo.

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni wamepungua. Viti vya kuazima bado vimejaa uani, hakuna aliyevirudisha. Kila msiba mtaani Bibi ndiye alikuwa akisimamia viti. Sasa msiba ni wake, na viti havina mwenyewe!

Jana watu walivyolia! Wengine siwajui hata kwa sura. Fundi viatu wa pale kona alinishika mkono hataki kuuachia. Mkewe aliposhikwa na uchungu, anasema, ni Bibi aliyempeleka hospitali kwa mkokoteni wa maji, anausukuma mwenyewe, anawatukana wenye magari wampishe. Kila mtu "bibi yetu, bibi yetu." Nikaona wivu. Bibi yangu! Aliyenilea, aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano nikiwa sijui hata kufunga viatu. Halafu nikaona aibu. Angenicheka: "Kwani mimi mkate, mjukuu wangu, nikigawanywa niishe?"

Mama hajalia. Hata kaburini. Mama yake mzazi! Anafua tu. Amefua mashuka, mapazia, leo mapazia tena.

Jumamosi, 8 Machi

Wale mume na mke wa nyumba ya mbele wamegombana. Sahani zimeruka. Zamani Bibi angevuka barabara na fimbo yake, aketi katikati yao, aombe chai. Kwenye ugomvi, aombe chai! Na ingechemshwa. Leo hakuna aliyevuka. Mama akasema waache watoane roho. Lakini nilimwona kasimama dirishani mpaka kelele zikaisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nesi mmoja wa hospitali kaja jioni, bado na sare ya kazi. Kasimama mlangoni anatabasamu. Bibi hakuja wiki hii, akasema, nikaona nipitie.

Hakujua! Ikabidi nimwambie mimi. Akakaa pale pale kizingitini.

Tulijua Bibi anakwenda hospitali kuwaona wagonjwa wasio na watu. Ni akina nani, hatukuuliza. Kumbe kuna mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma. Mtungi wa gesi ulimlipukia. Macho yamefungwa, mikono yote bendeji. Ndugu zake wako mbali. Bibi ndiye aliyekuwa akimlisha uji. Wodini wanamwita Mzee Redio, jinsi anavyoongea kutwa. Sasa, nesi anasema, redio imezimika. Akiletewa chakula anafumba mdomo, anasema anamsubiri mama yake. Mama yake, yaani Bibi. Wao wamemwambia Bibi ana mafua.

Mama alikuwa anasikia kutoka jikoni. Akatoka na mikono ya povu, anapiga kelele. Kumbe ni huyo! Kumbe siku ile ya mvua, mama yake alimfuata huyo! Akarudi amelowa chapachapa, homa ya mapafu ikamshika, hakuinuka tena. "Mmemmaliza mama yangu! Nendeni mkamwambie amekufa, basi!"

Nesi akaondoka. Mlango sikuufunga. Niliona kuufunga ni kumtusi Bibi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshona mkono wa kulia kushoto. Gauni la harusi la mtu! Nikafumua. Nikalia. Nikashona upya. Mimi na Mama hatuongei ila "sogeza chumvi."

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda wodini. Nyumbani niliaga nakwenda kununua vifungo.

Mtu mkubwa wa mifupa, lakini nyama imemwisha. Kabla sijafungua mdomo: "Hizo si hatua zake." Nikasema mimi ni mjukuu, Bibi bado anaumwa. Uongo ukanitoka laini kama mafuta. Akageuza sikio upande wangu. Kisha akafungua mdomo kama kinda la ndege, akala kidogo.

Halafu redio ikawaka! Ananijua. Anajua cherehani yangu inavyokwama, anajua nilivyomkataa yule mwalimu wa hesabu aliyetaka kunioa. Lakini zaidi anamjua Mama. Bibi alimwambia: binti yangu mkali kama pilipili, ila nikikohoa usiku anakuja kusimama nje ya mlango wangu mpaka kikohozi kinyamaze. Anadhani sijui.

Nilirudi bila vifungo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Mama yote. Nilidhani atanirushia mwiko. Akauliza tu, alijua?

Alijua nini?

"Kwamba nilikuwa nasimama pale. Alijua?"

Nikasema alijua.

Akakaa kwenye kitanda cha Bibi akalia. Kilio cha mwili mzima, mabega, magoti. Nikamshika, nikalia naye. Sijui ni nani aliyempasha habari yule mke wa nyumba ya mbele, ila alikuja bila kuitwa, akaingia jikoni kwetu, akachemsha chai.  Tukanywa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali, karatasi juu ya paja.

Asubuhi nimemkuta Mama jikoni, kapika uji, anaupooza kwa kuumimina huku na huku. "Vaa twende." Nikauliza utamwambia nini. "Sijui. Ila mtu mzima hadanganywi na watoto." Hilo lilinistahili. Uso wake sikuweza kuusoma. Nilimwogopea mgonjwa.

Tulipofika kitandani alisema tu, "Habari za kuamka."

Yule mzee akashtuka, uso wote ukafunguka. Ni sauti! Mama ana sauti ya Bibi. Miaka yote hii sijawahi kuisikia!

"Mama! Umepona! Ile mvua haikukudhuru? Si nilikwambia usubiri ikatike, ukakataa..."

  Mama akanionyesha mlango kwa kidevu.

Nawaona kwa kioo cha mlango. Bakuli ameliweka chini. Amelichukua tena. Anamlisha kwanza. Mzee anaongea, anacheka, uji unamtiririka kidevuni, na Mama – Mama! – anampangusa kwa ncha ya mtandio wake. Anangoja ameze. Anachota tena.

Bakuli limekwisha.

Amesogeza kiti. Amemwekea mkono begani. Mzee amenyamaza, amegeuza uso uliofungwa upande wake.

Sasa Mama anamwambia. Sisikii kitu huku nje. Mkono bado uko begani –