Msumari wa Karibu na Mlango

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka Ngongoti,

Pokea salamu zangu nyingi. Vipi afya yako, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepona? Wenzako unaokaa nao huko hawajambo? Sisi huku tunashukuru. Mama anakula, analala, anagomba kama kawaida yake. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua utasema Mdadisi kaanza. Nisikilize kwanza.

Unaikumbuka ile sheria ya marehemu Baba kuhusu picha za sebuleni. Kila mtu na msumari wake, na zote juu, usawa wa macho yake yeye, maana alikuwa mrefu kama wewe. Sisi wengine tuliishia kutazama videvu. Na anayesafiri anahamishiwa msumari wa karibu na mlango, ili kila anayetoka amuage na kila anayeingia amsalimie. Wewe umekaa hapo tangu uondoke.

Basi juzi nilipokuja kukaa kidogo na Mama nikakuta msumari mtupu. Picha yako iko chini, kando ya kiti chake, usawa wa kiuno. Baba naye kashushwa. Wote tumeshushwa, tumepangwa mstari mmoja kama nguo za mnada. Huko juu yamebaki madoa tu, pale rangi ya ukuta ilipokuwa imefichwa na fremu.

Nikajua ni wifi, mke wa kitindamimba wetu. Nani mwingine? Mumewe yuko barabarani na lori lake, nyumba kaachiwa yeye. Nilipomuuliza akanijibu huku anakunja nguo kwamba Mama ndiye aliyetaka. Hakunitazama usoni. Mama naye akasema shingo imemchoka kuangalia juu. Jibu limenyooka mno, kama la mtu aliyefundishwa. Nikajisemea, hapa kuna namna. Leo anashusha picha, kesho anazitia uvunguni, keshokutwa tunabisha hodi kwenye nyumba ya baba yetu kama wageni.

Nikaanza kumchunguza. Kikombe cha Mama hakiweki mezani, anampa mkononi. Viti navyo haviguswi. Nilivuta kimoja nipumzishe miguu, akaja mbio kukirudisha. Nikasema huyu keshajifanya mwenye nyumba. Nilikasirika sana.

Jana nikamtegea. Alipokwenda dukani niliichomoa picha yako kwenye fremu yake, ile aliyoichonga Baba yenye maua pembeni, nikatia yangu. Nilitaka nione akirudi atashtuka au atanyamaza, nijue nani anauchezea ukuta. Nikasimama kwenye mlango wa korido, nikangoja.

Aliyekuja ni Mama. Alipita akigusa fremu moja moja mpaka akafika kwenye ile ya maua. Akafuta kioo kwa upindo wa nguo yake, akakisogelea mpaka pua ikagusa, akasema, "Umeamkaje, Ngongoti wangu?"

Kaka, ilikuwa picha yangu. Na mimi mwenyewe nimesimama mbele yake, mchana kweupe, wala hakujua kama kuna mtu.

Wifi aliporudi nikambana jikoni, akalia. Macho ya Mama yanaondoka. Daktari kasema mwanga kidogo bado upo, lakini hautakaa sana. Picha alizishusha ili mikono ya Mama izifikie. Viti visisogezwe, asijikwae. Na Mama alimwapisha asituambie, hasa wewe, usije ukaacha kazi. Nimemwomba wifi radhi, na nimemwomba kwa moyo wangu wote, ingawa ile tabia ya kukunja nguo mtu anapozungumza naye bado siipendi.

Sasa nageuka kwako. Zamani ulikuwa unatuma picha kila mara. Siku hizi unatuma sauti tu, unamsimulia Mama shati ulilovaa, na dirisha la chumba chako linatazama wapi. Nilidhani ni uvivu. Leo sidhani hivyo. Nimemuuliza wifi kama alikwambia, akasema hapana, na safari hii pia hakunitazama usoni.

Kama nimekusingizia, unisamehe. Kama ulijua, basi ujue pia kwamba huo mwanga uliobaki anakutunzia wewe. Unangoja nini?

Kitindamimba kapiga simu toka safarini, anakusalimu, wifi anakusalimu, shangazi naye anauliza kama bado unakoroma. Mama hajui kama nimeandika. Mungu akupe afya, akufungulie njia, na njia yenyewe iwe ya kuja huku.

Picha yako nimeirudisha kwenye fremu yake, pale chini mkono wake unapofika. Msumari wa karibu na mlango nimeuacha mtupu. Hapo nataka usimame mwenyewe, karibu kabisa, akuone.

Wako akupendaye, na anayekushuku,

Mdadisi